Mama Nukta na Viti Vilivyopumua

Kwa miaka kumi na tisa Mama Nukta aliandika matangazo ya baraza la mji, na kwa miaka yote hiyo hakumjua mtu hata mmoja aliyewahi kuyasoma hadi mwisho. Yalipigwa muhuri, yakabandikwa kwenye ubao wa ukumbi wa chini, yakaloa mvua iliyopenya dirishani, kisha yakafunikwa na mengine. Watu waliyatazama kama wanavyotazama ukuta. Yeye hakulalamika. Kazi yake ilikuwa kutafsiri: wanasheria wa ghorofa ya tatu waliandika amri kwa lugha yao ya mahakamani, faili likashuka mpaka chumbani kwake, naye akazigeuza amri hizo kuwa Kiswahili cha watu wenye haraka zao. Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya karatasi. Dirisha lilitazama ukuta wa jengo la jirani, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angeweza kuukuna.

Jina la Mama Nukta alilipata pale Mkurugenzi wa wakati huo alipoanza kazi. Alimletea barua ya maneno tisini na manne isiyo na kituo hata kimoja. Mama Nukta akairudisha na duara la wino mwekundu na swali la kiungwana kabisa: nukta ya mheshimiwa imekwenda wapi? Ofisi nzima ilivunjika mbavu. Mkurugenzi hakucheka, na wala hakusahau.

Nyumbani alikuwa mtu wa kawaida. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kwa hiyo mgeni aliyekuja kuwasalimia ilibidi apite katikati ya majokofu sita yaliyofunguliwa matumbo. Watoto walikwisha kuwa watu wazima wakahama. Aliyebaki ni mama mkwe, bibi wa miaka themanini na kitu, ambaye macho yalimwacha lakini masikio yakamkalia vizuri, hasa kwa mambo ambayo hakutakiwa kuyasikia.

Ujanani Mama Nukta alipelekwa nchi moja ya baridi, miaka mitatu, akasomee utunzaji wa kumbukumbu. Masomo aliyasahau yote. Lugha ya watu wale ndiyo iliyong'ang'ania. Mwenye nyumba aliyekuwa amempangisha huko alimpenda, na hata baada ya miaka mingi bado alimtumia kifurushi kila baada ya muda: soksi za sufu asizokuwa na mahali pa kuzivaa, na vitabu vilivyokwisha kusomwa. Katika kifurushi kimoja mlikuwa na kitabu chembamba cha hadithi tisa za kutisha. Aliyekiandika alikuwa mwanamke aliyepokea simu katika hospitali hadi alipostaafu, na inaonekana maisha yake yote alikuwa akisikiliza watu wakiambiwa wangoje kidogo.

Mama Nukta alikisoma mchana mmoja, wakati wa mapumziko, mlango umefungwa. Hadithi ya tatu ilimfanya anyanyuke kwenye kiti chake, akigeukie, akikague.

Hadithi ile ilikuwa hivi. Mtu mmoja anakwenda ofisi ya serikali kuomba cheti. Anaambiwa aketi, ataitwa. Siku inakwisha, haitwi. Anaambiwa asiondoke maana akiondoka atapoteza nafasi. Wiki ya kwanza miguu inakufa ganzi. Wiki ya pili soli za viatu zinashikana na sakafu. Wiki ya tatu mfagizi anampangusa vumbi mgongoni bila kumwomba radhi. Mwezi ukiisha, karani anakuja na brashi na kopo la rangi, anainama, na kumwandika namba ya mali ya serikali chini ya paja. Wageni wanaanza kumkalia. Anasikia shida zao zote, anawahurumia, lakini mdomo umekwisha kufunikwa na ngozi bandia na kupigiliwa misumari midogo ya shaba. Kinachobaki ni pumzi. Mtu akikaa kimya sana, anaweza kuisikia chini yake.

Alianza kuitafsiri siku ileile, nyuma ya rasimu ya sheria ndogo za takataka. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kuona kama Kiswahili kitakubali kutisha namna ile. Kikakubali upesi kuliko alivyotegemea. Hata maneno ya ofisi, ambayo kwa miaka yalimchosha, humo yalifaa ajabu. "Mhusika" lilikuwa neno baya kuliko "jini". "Suala lako linashughulikiwa" ilimtia ubaridi mgongoni.

Jioni akirudi kutoka kazini alimsomea mama mkwe. Bibi alipenda kutishwa kama wengine wanavyopenda muziki. Alikaa kwenye sofa, miguu chini, na Mama Nukta akaitazama ile miguu. Ikipandishwa juu ya sofa, hadithi imefaulu. Ikibaki sakafuni, kuna kazi ya kufanya. Kwa ile ya viti, bibi alipandisha mguu mmoja tu.

"Mwanangu, kiti hiki ni kijinga," alisema. "Anakaliwa na watu miezi yote hiyo, hasemi kitu?"

"Hawezi kusema, mama. Mdomo umepigiliwa."

"Mtu akitaka kusema atasema hata kwa makalio. Mpe neno moja."

Mama Nukta alimweleza kwamba mtafsiri hana ruhusa ya kuongeza maneno, kwamba hadithi si yake, kwamba yeye ni mchukuzi tu wa mzigo wa mtu. Bibi akamwambia basi mzigo una tundu. Siku mbili baadaye, wakati akinakili kwa usafi, mkono wa Mama Nukta uliandika sentensi mbili fupi ambazo mwandishi hakuziandika. Mwanamke kijana anaketi, kiti kinapumua, na kwa sauti ya kitambaa kinachochanika kinamnong'oneza: *Faili lako halipo. Ondoka ungali na magoti.*

Alipomsomea tena, bibi alipandisha miguu yote miwili na kuomba shuka.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia hata bibi. Katika kitabu cha asili mlikuwa na aya moja kuelekea mwisho, ambamo mkubwa wa ofisi anachagua viti viwili vilivyo laini kuliko vyote na kuvipeleka nyumbani kwake, chumba cha kulia. Mwanawe anachoma kimoja kwa uma, kinatoka kitu cheusi chenye joto, na mama wa nyumba anasema ni gundi ya zamani, kuleni. Aya hiyo Mama Nukta aliitafsiri, akaisoma, kisha akaifuta. Sababu ilikuwa rahisi. Mwaka mmoja kabla, aliona kwa macho yake viti viwili vipya vya ukumbi wa chini vikipandishwa nyuma ya gari la Mkurugenzi. Nusu ya wafanyakazi waliona. Wote walijifanya hamnazo.

Basi kitabu kikatoka, chenye hadithi tatu tu za mwanzo. Mpiga chapa wa mtaa wao, ambaye kwa kawaida alichapa kadi za harusi na vitabu vya risiti, alikuwa na mzigo wa karatasi za rangi ya manjano ambazo mteja alizikataa, naye alisema kwa kuwa hadithi zinatisha, rangi haidhuru. Zilitoka nakala mia tatu. Sasa kibanda cha magazeti kilichokuwa tayari kuziuza ni kimoja tu, na kibanda hicho kilikuwa kando ya mlango wa baraza la mji. Wateja wake walikuwa watu wanaoingia ndani kungoja. Wangoje na nini? Wakanunua kitabu.

Mama Nukta alikuwa amewaza kwamba watasoma jamaa na walimu wachache. Hakuwaza kwamba hadithi ya ukumbi wa kungojea itasomewa katika ukumbi wa kungojea, na watu waliokalia viti vyenyewe.

Jumanne moja asubuhi alishuka kubandika tangazo. Alimkuta mwanamke mmoja, kapu mkononi, amesimama mbele ya kiti cha kahawia. Mwanamke akakigusa mgongo kwa adabu, akasema, "Shikamoo. Samahani, nakukalia kidogo tu." Kisha akaketi taratibu, kama mtu anayeketi juu ya mgonjwa. Waliokuwa karibu walicheka. Aliyefuata naye akasalimia.

Kufikia Ijumaa ukumbi mzima ulikuwa na mtindo huo. Wengine walisalimia kwa mzaha, wengine mzaha ulikuwa umekwisha kuwatoka kidogo. Wapo waliokataa kabisa kukaa, na ukumbi wenye watu mia wamesimama na viti vitupu ulionekana kama mgomo ingawa hakuna aliyeuitisha. Mfagizi alianza kuviomba radhi kabla ya kuvipangusa. Siku moja mstaafu mmoja, mtu mzito mwenye koti, alipiga magoti mbele ya watu wote, akategesha sikio kwenye mto wa kiti, akasikiliza, kisha akaenda dirishani kwa karani na kumwambia kwamba kiti kimesema faili lake halipo. Karani akamwambia aache upuuzi, akaenda kulitafuta ili kumwonyesha. Lilikuwa halipo kweli. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko hadi ghorofa ya tatu wakafungua milango kuuliza kuna nini.

Juu hawakupendezwa. Wanasheria waliketi siku mbili, na faili likamshukia Mama Nukta na maandishi ya "haraka sana" juu yake. Lilikuwa tangazo, la kutafsiriwa kabla ya saa sita. Alilisoma mara mbili kuhakikisha hakosei. Angeweza kulilainisha kidogo, kama alivyokuwa akiyalainisha mengine ili wakubwa wasiaibike. Siku hiyo aliamua kuwa mwaminifu neno kwa neno. Likabandikwa hivi:

*Ni marufuku kwa mtu yeyote kusalimia, kuomba radhi, kubembeleza, au kufanya mazungumzo ya aina yoyote na samani za Baraza. Samani za Baraza hazina mamlaka ya kutoa taarifa za mafaili. Atakayepata taarifa kutoka kwa samani aziripoti kwa afisa anayehusika.*

Lilikuwa tangazo lake la kwanza kusomwa na watu hadi mwisho. Walilisoma kwa sauti, wakaliigiza, wakalinakili nyuma ya bahasha. Mtu mmoja alipanga foleni saa nzima ili aripoti, kwa uso mkavu, kwamba kiti cha tatu kutoka dirishani kinaumwa mgongo.

Jumatatu yake Mama Nukta aliitwa ghorofa ya nne. Mkurugenzi alikuwa na kile kitabu cha manjano mezani, kimepigiwa mistari ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye sauti ya chini, na kwa kweli hakuwa mkatili. Alikuwa tu hajawahi kungoja kitu chochote kwa miaka mingi. Alimwuliza kwa nini amemwandika. Mama Nukta akajibu kwamba hakuandika, ametafsiri.

"Huyo mwanamke wa huko baridini," Mkurugenzi alisema, "ofisi yangu aliijuaje?"

"Haijui, mheshimiwa. Hata mimi ndicho kilichonishangaza."

Mkurugenzi alikifunga kitabu. Akasema kwamba anaamini kitabu kimetiwa chumvi ili kuchafua ofisi, na kwamba ataunda kamati. Kamati itamwajiri mtaalamu wa lugha ile, alinganishe maandishi mawili mstari kwa mstari. Palepale akaamuru katibu wake aandike agizo, akalitia sahihi: lolote litakalokutwa tofauti na kitabu cha asili, lirekebishwe lilingane nacho, na kitabu kitoke upya kikiwa sahihi. Alikuwa na hakika kwamba jambo baya lolote humo lilitoka kichwani mwa Mama Nukta.

Mama Nukta alitoka humo akashuka ngazi hadi chumbani kwake. Alijua mtaalamu ni nani, maana mjini alikuwa mmoja tu: Mwalimu wa chuo cha lugha, mwanamume mwembamba aliyekwenda nchi ileile miaka miwili baada yake. Walikuwa na kinyongo cha zamani. Katika mkutano mmoja Mwalimu alitafsiri hotuba ya mgeni na kusema "mke wangu mpendwa" pale mgeni alipokuwa amesema "nchi yangu pendwa", na aliyemsahihisha mbele ya watu, kwa kunyoosha kidole, alikuwa Mama Nukta. Tangu hapo walisalimiana kwa vichwa tu.

Alimweleza mumewe kila kitu, amesimama kati ya majokofu. Fundi aliendelea kufungua skrubu huku akisikiliza. Alisema haoni ubaya wa zile sentensi mbili; ubaya ni kwamba mtu ukimbadilishia gesi kwenye jokofu lake, lazima umwambie. Maneno hayo yalimchoma kuliko kamati. Jioni hiyohiyo alimwandikia mwandishi barua, kurasa tatu, akakiri alichoongeza na alichoficha, na kesho yake akaipeleka posta kabla hajabadili nia. Mama mkwe naye alipopata habari alinyoosha mgongo na kutaka kujua kama kamati itamwita shahidi, maana neno lile ni lake.

Wiki mbili baadaye Mwalimu aligonga mlango wa ile stoo ya karatasi, saa nne asubuhi, vitabu viwili kwapani. Hakukaa mara moja. Alitazama kiti alichoonyeshwa, akakigusa mgongo, kisha akaona aibu na kukaa.

"Dada, umeongeza sentensi mbili na umeficha aya nzima," alisema. "Kuongeza nakuelewa. Ni kiburi tu. Lakini aya ile ndiyo moyo wa hadithi. Umeificha kwa nini?"

Mama Nukta angeweza kumpa sababu za kitaalamu, na alikuwa amezitayarisha tatu. Lakini alichoka ghafla. Akamwambia kuhusu viti viwili na gari. Akamwambia aliogopa, na kwamba kumwongezea mtu wa hadithini maneno ya ujasiri wakati mwenyewe unafuta aya yake kwa woga ni kitu kilichomtia haya kila alipokikumbuka.

Mwalimu aliweka vitabu mezani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka hadi akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akacheka tena. Aliuliza kama ni kweli Mkurugenzi ametia sahihi kwamba kila kitu kilingane na asili. Mama Nukta akasema ni kweli, nakala iko kwenye faili. Mwalimu akasimama, akainamisha kichwa kidogo, akaondoka bila kusema atafanya nini, na Mama Nukta akabaki wiki moja nzima akingoja.

Kamati ilikuwa na watu saba na meza ndefu. Mama Nukta aliwekwa mwisho wa meza. Mwalimu alisoma taarifa yake kwa sauti ileile kavu anayofundishia sarufi. Alisema tafsiri ni nzuri, tena nzuri kuliko alivyopenda kukiri. Alisema imeongezwa sentensi mbili, akazisoma. Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akamwambia karani wa kamati aandike. Kisha Mwalimu akasema imepungua aya moja, na kwa kuwa wajumbe hawaijui lugha ya asili, amelazimika kuitafsiri mwenyewe ili iingie kwenye kumbukumbu. Akaisoma yote: mkubwa wa ofisi, viti viwili laini, chumba cha kulia, uma, gundi ya zamani, kuleni.

Hakuna aliyecheka. Wajumbe saba walitazama meza kana kwamba kuna kitu kimeandikwa juu yake. Mjumbe mmoja mama wa makamo, mhasibu, alikohoa na kuendelea kukohoa muda mrefu kuliko kikohozi kinavyohitaji. Mkurugenzi alichukua leso, akajipangusa shingo.

"Nadhani," alisema, "aya hiyo haina umuhimu."

"Mheshimiwa, agizo linasema lolote," Mwalimu alijibu. "Nimelisoma mara mbili. Limeandikwa vizuri, na lina nukta."

Karani wa kamati, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika tu, aliandika. Mwenyekiti akauliza kama kuna anayetaka kubadili agizo la Mkurugenzi, na ili libadilishwe ilibidi mtu aseme kwa nini, na asemapo iandikwe. Hakuna aliyeinua mkono. Agizo likapita kama lilivyo.

Alfajiri ya siku ya tatu mfagizi alikuta viti viwili zaidi kwenye ukumbi wa chini, safi, vimepigwa rangi ya mbao. Vilikaa pale mchana kutwa na hakuna mtu aliyethubutu kuvikalia. Watu walipita wakavisalimia kwa sauti ya huruma, kama jamaa waliotoka safari ndefu.

Toleo la pili lilitoka na ile aya ndani, na sentensi mbili za Mama Nukta zikaondolewa. Hilo lilimwuma. Aliandika dibaji fupi akakiri kosa lake, akaeleza maneno yale hayakuwa ya mwandishi. Wasomaji hawakumjali. Mpiga chapa alilalamika kwamba wanarudisha nakala wakidai zina kasoro, hadi akawaruhusu waandike zile sentensi wenyewe kwa kalamu pembeni. Maneno yale yalianza kuonekana kwenye mlango wa choo cha baraza, kwenye vumbi la kioo cha gari la wanasheria, na kwenye ubao wa matangazo, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Mama mkwe aliposimuliwa alisema yeye hataki kitu, ajulikane tu.

Usifikiri Mama Nukta alitoka salama. Mwezi haukupita akapewa barua ya uhamisho: kuanzia tarehe fulani atasimamia ghala la samani zilizoharibika, nyuma ya karakana ya magari. Ilikusudiwa imwume, na siku ya kwanza ilimwuma kweli. Lilikuwa banda la mabati lenye meza za miguu mitatu, makabati yasiyo na milango, na viti zaidi ya mia nne vimerundikwa hadi darini, kila kimoja na namba yake chini. Alikaa katikati yao akalia kidogo. Kisha akagundua kwamba hakuna faili linaloshuka huko, hakuna simu, hakuna anayekuja. Akafuta meza moja, akaipachika tofali mahali pa mguu, akatoa kitabu. Katika miezi kumi ya adhabu alitafsiri hadithi sita zilizobaki, kwa mshahara wa baraza.

Mkurugenzi naye hakuadhibiwa. Alihamishiwa mji mkubwa zaidi, akaagwa kwa hotuba. Aliyekuja badala yake aliweka mashine ya namba ukumbini na kuongeza karani mmoja dirishani. Foleni ilipungua kidogo. Si sana, lakini mtu aliyefika asubuhi sasa aliweza kutegemea kurudi nyumbani kula mchana.

Jibu la mwandishi lilichukua miezi minne, na kabla halijafika Mama Nukta alikuwa amemtumia barua ya pili kumweleza viti vilivyorudishwa. Mwandiko ulikuwa wa mtu anayetetemeka. Alisema alikasirika siku mbili kwa zile sentensi, siku ya tatu akazionea wivu. Alimwomba asizirudishe kitabuni chini ya jina lake, ila azitumie mahali pengine, katika kitu chake mwenyewe, maana mtu mwenye maneno kama hayo hana sababu ya kubeba mizigo ya wengine tu. Na mwishoni aliandika kitu ambacho Mama Nukta alimsomea mumewe mara kadhaa: "Hapa kwetu walinipa tuzo kwa hadithi ile. Walipiga makofi, wakasema ni ndoto ya ajabu, wakarudi kupanga foleni. Huko kwenu mmefanya nini hata viti vikarudishwa?"

Alimjibu kwamba hawakufanya kitu, walivisalimia tu.

Siku hizi amestaafu. Amepewa kona ya karakana ya mumewe, kati ya jokofu la mwenye duka la dawa na jingine lisilo na mwenyewe, na Mwalimu huja Jumatano na Jumamosi. Wanatafsiri pamoja kitabu cha pili cha yule mwanamke, chenye hadithi ya shule ambayo watoto wanaotoa majibu sahihi wanapungua kimo. Wiki iliyopita walibishana saa mbili juu ya neno moja. Mwalimu alitaka "wananywea", Mama Nukta akataka "wanasinyaa", na kila mmoja alisema la mwenziwe linafaa matunda. Fundi aliwaomba wapunguze sauti, kuna mteja. Mteja mwenyewe, mama aliyeleta jokofu lisilogandisha, alikuwa amekwisha kuvuta kigoda karibu yao, akawauliza shule hiyo iko wapi, maana wanawe anawapeleka shule mwezi ujao.